Maji ya Joshoni

Jumatatu, 23 Januari 1967

Tope tena. Nimejaza chupa sita ukingoni mwa mto, moja ikavunjika ndani ya landrova. Dereva anasema kosa ni la barabara. Mimi nasema ni la dereva.

Kabla ya kutoka nililijaribu sanduku la kupimia mionzi kama kila asubuhi. Natoa lile jiwe jeusi kwenye kikopo chake kizito, nalisogeza karibu, sanduku linatatarika kama mahindi chunguni. Nikilirudisha jiwe, linanyamaza. Hapo najua linafanya kazi. Jiwe lenyewe halizidi kokwa ya tende, lakini ndilo linaloniambia kama nipime au nirudi kulala.

Mwaka jana tulipima kwetu pwani, kuanzia Kipini pale mto unapomwaga, tope la mikokoni na mchanga wa chini ya bahari. Kwenye mchanga mweusi wa kule sanduku lililia kidogo. Mkuu wangu akataka kujua unateremka kutoka wapi. Akaitazama ramani Nairobi, akaweka kidole Garissa. Kidole chake, miguu yangu. Nipime mionzi kwa sanduku, na madini ya sumu kwa dawa na karatasi. Ramani yake haina vita.

Leo sanduku limesema kidogo sana. Mto ni mto tu. Nimechoka hoi.

Jumatano, 25 Januari

Wamenipa mkalimani. Yusuf, kijana wa ukoo wa wafanyabiashara wa hapa mjini, karani ofisini. Suruali imepigwa pasi mpaka inakata. Ana maneno mengi kuliko ninayompa ayatafsiri.

Tumepita kwenye kijiji kipya. Wanakiita kijiji, lakini mimi naona seng'enge pande zote na lango moja lenye askari. Wafugaji wamekusanywa humo na mifugo waliyobakiwa nayo ili wasiwape shifta, wale waasi wa vichakani, chakula. Jua likizama hakuna kutoka. Ukionekana nje unapigwa risasi, huulizwi jina.

Watu walitaka kujua ninachobeba ni nini. Nilieleza vizuri, kwa utaratibu: kuna mawe fulani, yana nguvu isiyoonekana, sanduku linaihisi. Maelezo marefu. Yusuf akayatafsiri kwa pumzi moja. Nilimuuliza amewaambia nini. "Nimewaambia linalia penye sumu." Nikamwambia si hivyo hasa. Akasema ni hivyo kwa Kisomali. Nilikuwa na jua la utosini, nikaacha.

Wameniita Bwana Maji. Haya.

Alhamisi, 26 Januari

Mama mmoja wa kijijini ananiuzia maziwa ya ngamia. Dahabo. Ana ujauzito mkubwa, na binti wa miaka kama minne anayemshika nguo asimwachie. Kiswahili chake ni cha sokoni lakini hakimzuii kunisema. "Wewe kila siku nabima tope. Tope nakula nini?" Nilicheka peke yangu njia nzima. Nafikiri ndicho kicheko cha kwanza tangu nije huku.

Jumamosi, 28 Januari

Lori limekanyaga bomu kwenye njia ya Habaswein. Watu wamekufa. Sikuuliza wangapi. Mji mzima unaongea kwa sauti ya chini, hata muuza duka anapima sukari bila kelele.

Mchana Inspekta anayesimamia kijiji amefunga njia ya mtoni. Anasema vichaka vya kule ndimo shifta wanamojificha, na wanawake wanaochota maji ndio wanaowapelekea habari. Kuanzia leo kijiji kitatumia kisima kilichomo ndani ya seng'enge. Ni kisima cha zamani, kiko nyuma ya josho la ng'ombe lililojengwa wakati wa wakoloni. Josho lenyewe limekauka, limebaki handaki la saruji na nyufa.

Nilimwambia nikipime kabla watu hawajakunywa. Akasema nikipime tu, kwani nani amenikataza, lakini kiu haisubiri. Ni mtu wa bara, mrefu, mstaarabu kwa maneno. Hapandishi sauti kamwe. Simpendi na sina sababu ninayoweza kuitaja.

Jumatatu, 30 Januari

Kisimani tangu asubuhi. Msimamizi wake ni Salat, mume wa Dahabo. Kwao upande wa Hadado alirithi kazi hii kwa babake, na hapa wamempa tena kwa heshima hiyo. Mtu mkavu, ndevu nyekundu za hina. Alinikataza nisiweke chupa yangu hata kidogo kwenye birika la kunyweshea mifugo. Kwao mdomo wa kisima na birika havilali na uchafu. Kila alfajiri msimamizi anapita na vidole, anaokota kila kijiti, msumari, jiwe, anatia kwenye pindo la shuka yake akakitupe mbali, mnyama asije akameza. Asipofanya hivyo ni aibu itakayomfuata na wanawe. Nimempenda. Watu wa kazi hutambuana.

Sanduku halikusema chochote. Kimya.

Kisha nikafanya ya karatasi. Maji kwenye chupa, tindikali, vipande vya zinki, kikaratasi kilicholoweshwa dawa juu ya mdomo wa chupa. Kama hakuna aseniki, ile sumu ya madini, kinabaki cheupe. Kiligeuka manjano nikiwa bado nakitazama. Kisha kahawia. Nikarudia na maji ya mto. Cheupe. Nikarudia na ya kisima. Kahawia iliyoiva.

Josho! Ile dawa ya kupe ya zamani ilikuwa aseniki tupu. Miaka yote ile walikuwa wakizoa tope la handaki na kulimwaga pale nyuma, na pale nyuma ndipo kilipo kisima. Sumu hii haina harufu wala ladha, na si ya mionzi. Sanduku langu linapita juu yake kama kipofu.

Nimemwambia Salat. Alinitazama kwa upole, akaniita ndugu kwa Kisomali. "Walaal, hii maji iko tamu." Ndiyo, ni matamu kweli.

Jumanne, 31 Januari

Inspekta amenisikiliza mpaka mwisho. Nilimwonyesha karatasi. Akaigeuzageuza. Akasema hata karatasi ikimwagikiwa chai inageuka rangi hiyo. Akauliza sanduku limesema nini. Nikamwambia hii si kazi ya sanduku. Akaandika kitu, sijui nini.

Nimeomba nafasi kwenye redio ya ofisi, nimezungumza na Mkuu. Sauti yake ilikuwa kama inatoka ndani ya ngoma. Akasema niweke chupa, nizilete Nairobi, zitapimwa kwa mashine kubwa, itachukua majuma. Nisiwatie watu hofu wakati huu. "Wakati huu" alilitamka mara mbili.

Watu wanakunywa leo. Usiku huu wanapika nayo.

Alhamisi, 2 Februari

Ninaandika nikiwa na hasira na mwandiko wangu unaonyesha.

Nilikwenda mjini kutafuta zinki nyingine. Nyuma yangu Inspekta akamwambia dereva alete sanduku. Wakaita baraza. Akasimama kisimani mbele ya kijiji kizima, akaliwasha, akalipitisha juu ya maji, juu ya birika, juu ya ndoo za wanawake. Likanyamaza, bila shaka. Akasema: mmeona wenyewe, sanduku la Serikali linalia penye sumu, hapa halikulia, maji ni safi, kunyweni. Yusuf ndiye aliyetafsiri. Inasemekana watu walipiga makofi.

Nimemwuliza Yusuf kwa nini hakuniita. Akajibu kwamba yeye hulipwa kwa kutafsiri, si kwa kuamua. Kisha, taratibu: "Wewe mwenyewe si ulisema linalia penye sumu?" Sikusema hivyo. Yeye ndiye aliyesema. Lakini sikumrekebisha siku ile, na sasa ni maneno yangu.

Nilikwenda kijijini na karatasi zangu mkononi, nyumba kwa nyumba, kama mchuuzi wa bangili. Wanazitazama kwa adabu. Wananiuliza sanduku lilisema nini.

Ijumaa, 3 Februari

Mbuzi wanne wamekufa. Wanasema ni kiangazi.

Baada ya swala mzee mmoja alitapika nje ya msikiti wa makuti mpaka akakaa chini. Wanasema ni umri.

Jumapili, 5 Februari

Mtoto wa jirani yake Dahabo amezikwa leo. Alikuwa hajaanza kutembea. Aliharisha siku mbili, akalala. Mtu wa zahanati anasema tumbo la kiangazi, kila mwaka lipo. Labda la mtoto huyu ni la kiangazi kweli. Siwezi kuapa. Lakini naijua ile rangi ya kahawia.

Dahabo ameleta maziwa kama kawaida. Midomo imemkauka. Anasema tumbo linamwunguza kama ameramba pilipili, na aliye ndani siku hizi hachezi sana. Alisema hivi akinihesabia chenji, kama anayezungumza habari ya mvua. Nilimwambia asinywe. Akaniuliza anywe nini. 

Nimerudi kwa Inspekta. Nimekatazwa kuingia kijijini bila ruhusa yake.

Hawataki karatasi. Wanataka sanduku. Basi.

Nimekaa na kikopo cha jiwe mezani tangu magharibi. Ni udanganyifu. Najua ni udanganyifu. Miaka kumi na moja ya kazi sijawahi kuongeza wala kupunguza hata alama moja. Lakini nikisema kweli kwa njia ya kweli hawasikii, na tumbo la yule mama halisubiri mashine ya Nairobi.

Jumatatu, 6 Februari

Nimefanya.

Niliomba ruhusa ya kuchukua maji ya mwisho ya kupeleka Nairobi. Inspekta akaja mwenyewe. Nilipoinama kujaza chupa nilisukuma jiwe kwenye ufa wa tope, kati ya mdomo wa kisima na birika. Nikajifanya nimeteleza. Kisha nikawasha sanduku.

Lilipiga kelele. Wanawake walidondosha ndoo. Nilimsikia mmoja akisoma Ayatul Kursi kwa sauti. Inspekta alilichukua mwenyewe, akalisogeza mbele na nyuma, na kila alipofika pale likatatarika. Uso wake ulibadilika. Alikuwa analiamini kuliko mimi.

Kisima kimefungwa saa ile ile. Lori la askari linasindikiza wanawake mtoni, asubuhi na alasiri. Nimewaona wakirudi na madebe yanayochuruzika maji ya mto, machafu, ya rangi ya chai ya maziwa, mazuri kabisa. Alhamdulillahi. Kesho nitaingia kuchukua jiwe langu kimyakimya.

Nimelala mapema leo. Nina njaa kwa mara ya kwanza juma hili.

Jumanne, 7 Februari

Jiwe halipo.

Nilifika jua likichomoza. Kisima kimefungwa kwa kamba, lakini Salat alikuwa ameshapita. Kisima kinyweshe kisinyweshe, usafi wake uko palepale. Ufa umefagiwa. Nilitafuta kwa vidole mpaka askari akaniuliza nimepoteza nini. Nikasema pete.

Saa tatu Inspekta akaita wanaume wote wapange mstari langoni. Amefikiri usiku kucha, anasema. Alhamisi sanduku lilinyamaza, Jumatatu likalia. Kwa hiyo kati ya siku hizo mtu ametia sumu. Aliyetia sumu katika kisima cha Serikali ni shifta au ni mtu wa shifta. Ni hesabu safi. Hata mimi nisingepata kosa ndani yake kama nisingekuwa mimi ndilo kosa.

Alinipa sanduku nilipitishe mbele ya kila mmoja. Nikasema limeharibika. Akalichukua, akalijaribu kwenye saa ya mkononi ya askari mmoja, yenye namba zinazong'aa usiku. Likatatarika. Limepona, akasema, na akaanza kulipitisha yeye.

Kwa Salat lilipiga kelele.

Wakakunjua pindo la shuka. Kijiti, ukucha wa mbuzi, kipande cha bati, na kijiwe cheusi. Salat alikuwa anawatazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini ameoga. Alijaribu kueleza. Yusuf alitafsiri, safari hii neno kwa neno. Wakampiga kitako cha bunduki mgongoni, wakampandisha lorini.

Mimi nilikuwa nimesimama hatua chache. Sikufungua mdomo.

Jumatano, 8 Februari

Sikufungua mdomo.

Nikisema, watamwachia, na watafungua kisima. Nikinyamaza, kisima kimefungwa, na yeye atanyongwa au atapotea njiani kama wengine walivyopotea. Nimeligeuza jambo hili kila upande tangu jana. Halina upande mwingine.

Maziwa hayakuja.

Alhamisi, 9 Februari

Nimesema.

Nilimkuta Inspekta anakunywa uji. Nilimweleza yote, jiwe, ufa, kikopo. Nikamwekea kikopo kitupu mezani. Hakukasirika. Laiti angekasirika. Aliniuliza, kwa hiyo sanduku halikulia kwa sababu ya maji? Nikasema halikulia kwa sababu ya maji. Lililia kwa sababu ya jiwe lako? Ndiyo, la kwangu. Basi, akasema, maji ni mazuri.

Nikaanza tena habari ya aseniki. Akainua mkono, bila ukali, kama mtu anayekataa kuongezwa chakula. Akasema mtu aliyedanganya kwa sanduku hawezi kuja na karatasi. Akasema pia nina bahati, mwingine angeniweka ndani pamoja na yule.

Jioni baraza. Nilisimamishwa mbele ya watu nikiri. Nilikiri. Kisha nikasema, na maji bado ni sumu, wallahi ni sumu, ile ya josho. Yusuf alitafsiri yote mawili. Sauti yake haikuwa na ladha. Mzee aliyetapika Ijumaa alisimama akajibu, na Yusuf akanigeuzia: "Anasema mara ya kwanza ulisema sanduku, sasa unasema sanduku ni wewe. Wao wamsikilize nani?"

Tulipokuwa tunarudi Yusuf alisema jambo moja tu. Kwamba hawa ni mama zake na wajomba zake, na mimi nimewachezea kama watoto. Hajasema nami tena. Ana haki. Lakini mtoto aliyezikwa naye alikuwa wa kwao, na hilo sikuwa na uso wa kulisema.

Ijumaa, 10 Februari

Ujumbe wa redio kutoka kwa Mkuu. Nirudi na vifaa vyote. Nimesimamishwa kazi.

Kamba ya kisimani imekatwa.

Jumamosi, 11 Februari

Salat amerudi. Vidole vya mkono wa kulia vimevimba, vimeshindwa kufumba. Anatembea akiwa amenyooka kupita kiasi, kama anayeogopa mbavu zake zisimwage kitu.

Nilitegemea anitemee mate. Badala yake alituma mtu aniite nyumbani kwake. Inspekta aliruhusu. Nafikiri alitaka kuona.

Watu walikuwa wamejaa nje ya kibanda. Kumbe si mimi tu niliyeitwa. Msimamizi aliyetuhumiwa kutia sumu kwenye kisima chake mwenyewe hana pa kuweka uso mpaka anywe maji yake hadharani, na waliohusika wanywe naye. Ndivyo jina linavyooshwa. Yeye na mimi, kwenye mkeka mmoja. Alichota mwenyewe kwa ule mkono uliovimba, akapika chai mwenyewe, tangawizi, hiliki, sukari ambayo najua hakuwa nayo, wameichangia. Alikuwa ananisamehe mbele ya kijiji kizima.

Alikunywa kikombe cha kwanza. Wazee wakamshukuru Mungu. Akanywa cha pili. Akanimiminia mimi.

Nimeandika mara nyingi humu kwamba jambo fulani lilikuwa gumu. Sikuwa najua neno hilo. Nikinywa, kikombe kimoja hakitaniua, na nimelipa deni langu kwa mtu niliyemvunja mkono. Lakini kila jicho lililokuwa pale lingekwenda nyumbani likisema hata Bwana Maji amekunywa.

Nikaweka kikombe chini. Nikakigeuza, mdomo chini, chai ikasambaa kwenye mkeka.

 Salat aliitazama chai inavyokimbia, kisha akanitazama. Sijawahi kumdhalilisha binadamu hivyo, wala sikuwa nimejua kwamba naweza. Nilimwambia kwa Kiswahili changu cha polepole: ndugu yangu, ningependa kuinywa kuliko chochote. Akasimama, akaingia ndani. Vijana wakaanza kupiga kelele, askari wakanisukuma kwenda langoni. Jiwe moja lilinipata begani.

Nilipogeuka nilimwona Dahabo pembeni ya kibanda. Binti yake alikuwa na kikombe chake kidogo cha bati, amekishika kwa mikono miwili. Dahabo alikuwa ananitazama mimi, uso umekunjana kama anayefanya hesabu. Mgeni mstaarabu kumwaga chai ya msamaha! Mtu hafanyi hivyo bure. Mtu hafanyi hivyo kabisa. Akainama, akakitwaa kikombe mikononi mwa mtoto, akakimwaga mchangani. Mtoto akalia.

Hakunitazama tena.

Jumapili, 12 Februari

Tunaondoka na msafara wa malori. Vifaa vimefungwa. Nimewaacha wafunge sanduku wenyewe, sikutaka kulishika.

Dereva alikubali tupite langoni dakika chache. Nilikuwa na madebe mawili ya maji ya mto niliyowekewa kwa ajili ya safari. Nikamwambia askari wa zamu ni ya mke wa Salat, mjamzito. Alifikiri kidogo, akayapokea. Kijana mdogo, kwao ni Taita, naye ana mke nyumbani. Alisema atayafikisha, ila asije akaulizwa.

Kutoka barabarani unaona kisima. Foleni ilikuwa ndefu, ndoo na madebe, wanawake wamekaa juu yake wakipiga soga, watoto wanachezea birika. Salat alikuwa amesimama mdomoni mwa kisima, anavuta kamba kwa mkono wa kushoto. Nilitazama kila mwanamke mpaka mwisho wa mstari. Dahabo hakuwepo. Wengine wote walikuwepo.

Madebe mawili, kwa mama na mtoto, kwa joto hili, wakijibana, yatawafikisha Alhamisi.

Dereva ameuliza kama nimesahau kitu. Nimemwambia twende.